Jinsi ya Kupanga Likizo ya Familia Mombasa kwa Kufuata Maji

Desemba moja dada yangu aliwaleta wanawe watatu Mombasa kwa mara ya kwanza, wakitoka Nakuru, na siku yao ya pili hapa tulipanga kwenda kuogelea Bamburi asubuhi mapema kabla jua halijakaza. Mapema hiyo ikawa saa nne, kama ilivyo kawaida ya safari yenye watoto. Tulipofika mchangani maji yalikuwa yamekupwa hadi karibu na mwamba, na mbele yetu palikuwa na uwanja mrefu wa nyasi za bahari, vidimbwi na mashua zilizolala ubavu. Mdogo wao, aliyekuwa amevaa maboya yake ya mikononi tangu tulipotoka nyumbani, alisimama akatazama, kisha akaniuliza, "Mjomba, bahari imeenda wapi?" Sikuwa na la kujitetea, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa hapa na usiku uliotangulia niliuona mwezi mpevu juu ya paa la jirani nisiutie maanani. Tulikaa kivulini, watoto wakachoka, wakaungua jua, na saa nane tukarudi nyumbani, wakati ambapo maji ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kupendeza.

Tangu siku hiyo, kila mgeni anayeniuliza namna ya kupanga likizo ya familia hapa humwambia aanze na maji, halafu hoteli, chakula na matembezi vifuate. Watu wengi hufanya kinyume chake: hulipia chumba, hupanga ratiba ya kila siku kwa saa ya ukutani, kisha hufika ufuoni wakakuta bahari ina ratiba yake.

Kusoma maji kabla ya kupanga siku

Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na ushei, na kila siku majira hayo huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo, ikiwa leo maji yamejaa saa tisa alasiri, kesho yatajaa kama saa kumi kasorobo, na keshokutwa yatapita kidogo saa kumi na nusu. Kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita hivi. Hadi hapo mambo ni mepesi, na wageni wengi huyajua. Wasilolijua ni kwamba saa zenyewe zinaweza kukadiriwa kwa kutazama mwezi, bila kumwuliza mtu.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua. Katika bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita 3, na hapa Mombasa hupwa kwenye saa nne au saa tano, mchana na usiku, kisha hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Baada ya wiki moja, mwezi unapokuwa nusu, yanakuja maji mafu: tofauti ya kina hushuka hadi mita moja hivi, na saa hugeuka, kwa maana kwamba maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kupwa jioni. Siku za katikati huangukia kati ya majira hayo mawili.

Njia rahisi kuliko zote ya kulijua hili ni kalenda ya Kiislamu, ile ya karatasi inayotundikwa madukani kote mjini. Kwa kuwa miezi yake ni ya mwandamo, tarehe 1 na tarehe 15 huangukia bamvua, nazo tarehe 8 na tarehe 22 huangukia maji mafu. Ukiwa bado uko Nairobi au Kitale, angalia tarehe hizo katika simu, uzilinganishe na siku unazotaka kusafiri, nawe utakuwa umeshajua asubuhi zipi ni za kuogelea na zipi ni za kutembea mjini. Anayetaka dakika kamili atazipata katika jedwali la maji la bandari ya Kilindini, ambalo linapatikana katika intaneti, na wavuvi wa eneo lolote watamjibu papo hapo.

Familia ambayo haina haja ila kuogelea ingefaa ichague wiki ya maji mafu, kwa sababu watoto huamka mapema, hunywa chai, na huyakuta maji yamejaa, tena yametulia, kabla jua halijawa kali. Hata hivyo, mimi binafsi napendelea likizo ya siku saba au nane inayogusa pande zote mbili, maana bamvua nayo ina raha yake. Maji yakipwa kabisa, unaweza kuwachukua watoto kutembea hadi kwenye vidimbwi vilivyo karibu na mwamba, wakaone kiti cha pweza, jongoo wa baharini, kaa na samaki wadogo wa rangi waliobaki humo kusubiri maji yarudi. Kila mtu avae viatu vya mpira au kandambili zenye kamba ya nyuma, kwa sababu kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano waliojificha katika nyufa za mawe, na mwiba wao ukivunjikia mguuni huharibu siku mbili za likizo. Tembeeni na mtu wa hapo anayeijua njia. Msiokote wala kubeba chochote kilicho hai. Maji yanapoanza kugeuka, rudini mara moja bila kungoja yafike magotini, kwa sababu sehemu ya karibu na ufuo mara nyingi huwa na bonde ambalo hujaa kabla ya kule mlipo, na mnaweza kujikuta mmezungukwa.

Kuhusu usalama nitasema kwa urefu kidogo, maana ni jambo ambalo wageni wa bara hulichukulia wepesi. Matairi na maboya yanayokodishwa ufuoni, hasa pale Pirates kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, hayana kosa wakati maji yanajaa, kwa kuwa mawimbi humsukuma mtoto kuelekea nchi kavu. Maji yanapokupwa mambo hubadilika. Mkondo huelekea nje, kwenye milango iliyo katika mwamba, na mtoto aliyekaa ndani ya tairi hasikii kitu; anaona tu kwamba sauti ya mama yake imekuwa ndogo. Kwa hiyo weka sheria moja nyumbani kabla ya kuondoka: maji yakianza kupwa, maboya yote yanatoka majini, na anayetaka kuendelea kuogelea atakaa pale ambapo maji hayapiti kiuno chake. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kutazama watoto tu, bila simu mkononi, na mpeane zamu kila baada ya nusu saa. Hodari wa kuogelea katika bwawa la shule asidhaniwe kuwa hodari wa bahari.

Msimu na tarehe

Likizo za shule ndizo zinazoamua, basi tuzichukue kama zilivyo. Aprili huangukia mwanzo wa masika. Mvua hapa huzidi Mei, lakini Aprili nayo inaweza kukufungia ndani siku mbili mfululizo, na faida yake ni kwamba hoteli hushusha bei. Agosti ni wakati wa kusi: hewa huwa ya baridi kiasi, bahari huchafuka, upepo huvuma kutoka kusini-mashariki, na nyasi za bahari hutupwa ufuoni kwa wingi, jambo linalowachukiza baadhi ya wageni, ingawa halina madhara. Desemba ni kaskazi, maji ni ya uvuguvugu na safi, na ndiyo maana kila mtu yuko hapa. Joto la Desemba ni la kulala bila shuka, foleni ya Nyali hukwama, na bei za vyumba huongezeka kutoka wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya. Mwenye uwezo wa kuja mwanzoni mwa Desemba asingoje Krismasi.

Mtakaokuja wakati wa Ramadhani, jueni kwamba mikahawa mingi ya Waislamu mjini hufungwa mchana na kwamba si adabu kula njiani mbele ya watu waliofunga, ingawa hoteli za ufuoni huendelea kama kawaida. Jioni, baada ya magharibi, mji huchangamka kwa namna usiyoiona mwezi mwingine wowote, na mezani kuna kaimati, viazi vya nazi na uji wa kila aina.

Kulala wapi

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Mombasa ni kisiwa, lakini kisiwa chenyewe karibu hakina ufuo wa mchanga wa kuogelea; kingo zake ni za mawe, mikoko na bandari. Fuo zinazoonekana katika picha ziko nchi kavu pande mbili: kaskazini ni Nyali, Bamburi na Shanzu, na kusini, baada ya kivuko cha Likoni, ni Shelly, Tiwi na Diani, ambazo hizi mbili za mwisho ziko katika Kaunti ya Kwale. Kwa hiyo unapochagua malazi, unachagua pia namna utakavyovuka maji kila unapotaka kwenda mjini.

Kwa familia yenye watoto wadogo inayotaka kuona mji pamoja na bahari, ningeshauri upande wa kaskazini, kwa sababu Daraja la Nyali, lililojengwa mwaka 1980, linapitika saa zote, matatu ni nyingi, na hospitali na maduka yako karibu. Kusini kuna mchanga mweupe na laini kuliko wetu, sina ubishi, lakini anayekaa Diani asijidanganye kwamba atakuja mjini kila siku. Nyumba ya kukodi yenye jiko mara nyingi hufaa zaidi kuliko hoteli ikiwa ninyi ni sita au zaidi, na kuna desturi nzuri ya kumwajiri mpishi wa hapo kwa siku mlizopo. Mpatane mapema kama ujira wake unajumuisha kwenda sokoni, na mlipe kila siku ili pasiwe na hesabu za kuvutana siku ya mwisho. Kabla ya kulipa nyumba yoyote, uliza mambo matatu: je, kuna tangi la maji, maana maji ya mfereji Mombasa hukatika; je, maji hayo ni ya chumvi, maana ya visima vingi ni ya chumvi na sabuni haitoi povu; na je, kila kitanda kina chandarua.

Kufika

Treni ya SGR (reli ya kisasa), iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ndiyo njia ninayoipendekeza kwa watoto. Nauli iliyowekwa Januari 2024 kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na shilingi 4,500 kwa daraja la kwanza. Watoto wa kuanzia miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na walio chini ya miaka 3 hawalipi. Hulipiwa kwa simu, na katika Desemba tikiti humalizika siku nyingi kabla. Chagua treni ya mchana, kwa kuwa reli inapita Tsavo, na mara nyingi tembo wekundu kwa vumbi la huko huonekana kutoka dirishani. Hilo ni onyesho la bure ambalo treni ya usiku haina.

Kituo chenyewe kiko Miritini, nje ya kisiwa, na wenye teksi wa hapo hutaja bei kwa kumtazama mtu usoni. Agiza gari mapema au toka nje ya lango ukapande matatu ya mjini ikiwa mizigo si mingi. Mnaokwenda Diani hamna haja ya kuingia kisiwani kabisa, kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu inaanzia Miritini, inapita juu ya maji kwa madaraja, na kuungana na barabara ya Lungalunga upande wa Kwale. Wenye magari yao wenyewe wakitoka Nairobi wafuate njia hiyo hiyo, nao wasisafiri usiku, kwa sababu ya malori.

Feri ya Likoni, hata hivyo, msiikose. Mtembea kwa miguu halipi kitu, safari ni ya dakika chache tu, na kwa mtoto wa bara ni chombo kikubwa cha ajabu kinachobeba magari, baiskeli, mikokoteni, mbuzi na mamia ya watu waliosimama bega kwa bega. Vukeni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri; asubuhi umati wote unaingia kisiwani kwenda kazini, na jioni unatoka. Mshike mtoto kwa kifundo cha mkono, kwa kuwa vidole huteleza. Anayevuka kwa gari ateremke pamoja na watoto na kuvuka wakiwa wamesimama, dereva abaki peke yake na breki ya mkono ikiwa imevutwa.

Siku ya mjini

Siku ya mjini ni ile ambayo maji yamekupwa asubuhi. Anzeni saa mbili na nusu kwa mahamri na mbaazi za nazi katika mkahawa wowote wa karibu na Mji wa Kale, kisha muingie Fort Jesus kabla jua halijapanda, kwa maana mle ndani vivuli ni vichache. Chukueni vitambulisho, kwa sababu raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Waingereza wakaifanya jela hadi mwaka 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Mtoto hatashika miaka hiyo, basi msimchoshe nayo. Mpelekeni kwenye mizinga, halafu kwenye vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno ya Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697 chini kabisa ya kuta hizo wakati wa kuzingirwa kule, na mwonyesheni kutoka ukutani maji yale ambamo ilizama. Nimewaona watoto waliokuwa wakilalamika kwa joto wakanyamaza ghafla hapo, wakaanza kuhesabu mizinga.

Kutoka hapo mnaingia Mji wa Kale kwa kufuata Ndia Kuu. Wageni hudhani jina hilo limeandikwa vibaya. Hapana, "ndia" ni "njia" kwa Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, na barabara hii ilikuwa kuu kweli kabla gari halijazaliwa. Tazameni milango ya nakshi na roshani za mbao, mpite mbele ya Msikiti wa Mandhry, ambao ni wa karne ya 16, na mshuke hadi Bandari ya Kale. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba tuktuk ikija mnabana ukutani. Nyumba hizo zinakaliwa na watu, kwa hiyo salimieni mnapokutana na wazee barazani, "Shikamoo mzee" au "Salaam aleikum", na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ya mlango wake ukiwa wazi. Vazi la ufuoni lifunikwe. Leso (yaani khanga) moja kiunoni na nyingine mabegani zinatosha kabisa. Ijumaa epukeni saa sita na nusu hadi saa nane, wakati wa sala, maduka mengi yanapofungwa.

Leso hizo mzinunue Biashara Street, umbali wa dakika chache kwa miguu, na ikiwezekana mwende huko siku ya kwanza. Leso huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, na fundi aliye kando ya duka hukutenganishia na kukushonea kingo ukiwa umesimama. Someni jina la leso, yale maandishi yaliyo juu ya pindo la chini, kabla ya kulipa, kwa kuwa majina mengine ni mafumbo makali na hungependa mama mkwe ayapokee kama zawadi. Kwa likizo ya ufuoni leso ni taulo, ni mkeka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni mbeleko, na usiku ndiyo shuka pekee utakayoihitaji. Hukauka kwa robo saa. Familia ya watu watano ikinunua doti tatu haina haja ya kubeba taulo moja kutoka nyumbani.

Jioni mwende Mama Ngina, penye mibuyu mikubwa na upepo wa baharini, mkaketi ukingoni na kutazama meli zikiingia Kilindini. Hapo ndipo pa mihogo. Muuzaji huchukua kipande cha muhogo uliochomwa, hukipasua katikati kwa kisu, hukamulia ndimu, hunyunyiza chumvi na pilipili ya unga ndani ya mpasuko, na kukuwekea mkononi katika karatasi kikiwa bado cha moto. Mwambie mapema asitie pilipili katika mihogo ya watoto, maana mkono wake haungoji. Kuna pia kachiri, viazi karai vya kuchovya katika ukwaju, na madafu. Ukimaliza kunywa dafu, mrudishie muuzaji alipasue, naye atakukatia kijiko kutoka kwenye ganda lake ule nyama laini ya ndani. Mtoto asiyependa maji ya dafu mara nyingi hupenda kijiko hicho. Watoto wasikaribie kingo za mawe. Vijana wanaoruka majini kutoka hapo wameyazoea maji tangu utotoni, na wageni hawapaswi kuwaiga.

Siku nyingine, kwa ufupi

Haller Park iliyoko Bamburi ni ya alasiri ya maji mafu. Mahali pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe meupe, hadi mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda mivinje na kuleta jongoo watafune majani yake makavu na kuyageuza kuwa udongo. Leo kuna msitu, kobe wakubwa, mamba, na twiga wanaolishwa kwa mkono kwa saa maalumu ambazo mtaziuliza langoni. Wasimulieni watoto habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa na kumfuata kobe mmoja mzee kana kwamba ni mama yake.

Kuangalia samaki katika hifadhi ya bahari ya Mombasa hufanywa kwa mashua ya kioo chini, wakati maji ni machache na hayajachafuka. Patana bei ya mashua nzima badala ya kichwa kwa kichwa, uliza kama ada ya hifadhi imo, na usipande kabla kila mtoto hajavalishwa boya la kujiokoa linalomtosha. Chupa za plastiki zinazotumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na fuo tangu Juni 2020, basi bebeni za kujaza upya.

Wauzaji wa ufuoni watakujia: wa ngamia, wa hina, wa vinyago, wa samaki. Salimu, kataa kwa upole, na ukikataa usiulize bei, kwa sababu kuuliza bei ni kuanza kununua. Kwa hina ya watoto, kubali ile ya kahawia pekee. Piko, ile nyeusi, huwa na kemikali zinazoweza kubabua ngozi.

Jua, mbu na tumbo

Ngozi nyeusi huungua. Nalirudia hili kila mwaka kwa ndugu zangu wa bara na kila mwaka kuna mtu anayebabuka pua. Wapakeni watoto mafuta ya kuzuia jua, wavisheni fulana hata majini, na kati ya saa tano na saa tisa wakae kivulini. Hiyo ndiyo saa ya kulala, na mji mzima hulala. Pwani kuna malaria, na anayetoka nyanda za juu hana kinga, kwa hiyo muulizeni daktari juu ya dawa ya kujikinga kabla ya safari, na homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi ipimwe malaria bila kusubiri. Maji ya kunywa yanunuliwe au yachemshwe. Akiguswa majini na konyeza, yule kiumbe laini anayewasha, mtoto atoke, pasisuguliwe kwa kitu chochote, na paoshwe kwa maji ya bahari wala si ya mfereji.

Samaki wa kupika nyumbani mnunue asubuhi, mashua zinaporudi. Tafi ndiye kipenzi cha Mombasa, mdogo wa kukaangwa mzima. Changu na kolekole hufaa wa kupaka. Inua shavu: liwe jekundu. Tazama jicho: liwe limetokeza na kung'aa. Aliyelala huwa na jicho lililozama, hata akimwagiwa barafu mbele yako.

Siku ya kuondoka

Usipange kuogelea siku ya treni, labda maji yawe yamejaa alfajiri na ninyi mmeamka. Kutoka Nyali au Bamburi hadi Miritini mnavuka kisiwa kizima au mnazunguka kwa barabara za bara zenye foleni zake, na kituoni kuna ukaguzi wa mizigo kabla ya kuruhusiwa kuingia, hivyo ondokeni zikiwa zimebaki saa tatu nzima kabla ya treni kuondoka. Fulana na leso zenye mchanga zikung'utwe zikiwa kavu. Zikiwa mbichi mchanga hautoki, utausafirisha hadi Nakuru. Kachiri na mabuyu ya majirani yanunuliwe katika soko la Marikiti jana yake. Achari ya embe itiwe katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, ifungwe ndani ya mfuko wa kitambaa, na isimamishwe miguuni mwa mtu mzima, kwa sababu mafuta yake yakimwagika ndani ya mkoba, nguo hazitatakata tena.